Mtoza Kodi Aliyepima Hewa: Maisha ya Antoine Lavoisier



Mara nyingi kurasa za jarida letu hujaa habari za viongozi, wanamichezo na walimu waliotulea. Safari hii nimeomba nafasi nimweleze mtu ambaye sote tulilikariri jina lake katika vidato vya chini, tukaiandika kanuni yake daftarini, tukafanyia mtihani, kisha tukamsahau. Mtu huyo ni Antoine Lavoisier wa Ufaransa. Kanuni yenyewe ni ile isemayo kwamba katika mmenyuko wa kemikali tungamo halizuki wala halipotei: uzito wa vitu vyote vilivyoingia ni sawasawa na uzito wa vitu vyote vilivyotoka.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba bwana huyu hakuwa mwalimu wala mfamasia. Alikuwa mwanasheria aliyekula mshahara na faida ya kazi ya kutoza kodi. Kanuni yake ni mtoto wa leja. Wengi wetu tuliomaliza hapa tumeishia katika ofisi, stoo na halmashauri, na tunajua maana ya kitabu cha mapokezi kutolingana na kitabu cha matumizi. Kwa hiyo, Lavoisier ni mwenzetu wa kazi kabla ya kuwa bingwa wa sayansi.

Sababu ya pili iko barabarani. Aliyepita njia ya Chalinze kwenda Segera ameyaona magunia ya mkaa yamepangwa Mkata na Kabuku yakingoja malori ya Dar es Salaam. Mti uliokatwa ulikuwa mzito wa kubebwa na watu kumi. Mkaa uliotoka ni magunia machache. Majivu yanayobaki jikoni ni kopo moja. Je, mti wote ule umekwenda wapi? Swali hili liliwashinda wataalamu wa Ulaya kwa muda mrefu sana, na aliyelijibu ni mtoza kodi.

Antoine-Laurent Lavoisier alizaliwa Paris tarehe 26 Agosti, 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye uwezo. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 5, akalelewa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, akitunzwa pia na mama yake mdogo. Alipelekwa katika shule maarufu ya Collège des Quatre-Nations, akapata elimu nzuri ya lugha, hisabati na sayansi. Kisha, kwa kufuata desturi ya ukoo, alisoma sheria na kuhitimu mwaka 1764. Lakini wakati huo huo alikuwa akihudhuria mihadhara ya kemia ya Rouelle, na kuzunguka mashambani pamoja na mwanajiolojia Guettard akikusanya mawe.

Kazi yake ya kwanza ya kemia, aliyoisoma mbele ya Akademia ya Sayansi mwaka 1765, ilihusu jasi, yaani lile jiwe linalochomwa ili kupata plasta. Kila fundi wa Paris alijua kwamba jasi ikichomwa huwa unga, na unga ukitiwa maji huganda tena. Lavoisier aliipima kabla ya kuichoma, akaipima baada ya kuichoma, na akakusanya mvuke uliotoka. Akaona kwamba kilichotoka ni maji, na kwamba plasta inapoganda huyarudisha maji yale yale. Kijana wa miaka 21 alikuwa ameshashika silaha yake ya maisha yote, nayo ni mizani.

Mwaka 1768 mambo mawili yalimfika kwa pamoja. Alichaguliwa kuingia Akademia ya Sayansi, na alinunua hisa katika Ferme Générale. Hapana budi nieleze kidogo chombo hiki, maana ndicho kilichomlisha na ndicho kilichomwua. Mfalme wa Ufaransa hakuwa na idara ya kukusanya kodi za chumvi, tumbaku na bidhaa ziingiazo mijini. Aliikodisha kazi hiyo kwa kampuni ya matajiri. Wao walimlipa mfalme kiasi kilichokubaliwa, kisha wakaenda kukusanya kwa wananchi, na kilichozidi kikawa faida yao. Walikuwa na askari wao, maghala yao na makarani maelfu. Mtu maskini aliyekamatwa na chumvi ya magendo aliweza kufungwa au kupelekwa kuvuta makasia merikebuni. Wananchi waliichukia kampuni hiyo kupita kiasi, na haikuwa chuki ya bure.

Lavoisier aliingia humo kwa sababu alitaka fedha za kuendeshea utafiti. Kazi aliifanya kwa bidii: alisafiri kukagua maghala ya tumbaku, alilinganisha vitabu, alisaka wizi na magendo. Kwa hiyo mchana alikuwa mkaguzi wa hesabu. Kwa masimulizi yaliyobaki, kemia aliifanya tangu saa 12 alfajiri kabla ya kwenda ofisini, akairudia usiku, na siku moja nzima ya juma aliitenga kwa majaribio tu.

Katika mwaka huo huo wa 1768 alianza jaribio ambalo hadi leo linaweza kufanywa mfano wa uvumilivu. Wataalamu wengi waliamini kwamba maji yakichemshwa muda mrefu hugeuka udongo, kwa sababu chombo kikikaushwa huonekana masalio meupe. Lavoisier alichukua chombo cha kioo kilichofungwa, kilichotengenezwa hivi kwamba mvuke ukipanda hurudi chini ukiwa maji. Akakipima kitupu, akakipima na maji, akakiweka motoni kwa siku 101. Mwishoni uzito wa jumla haukubadilika. Masalio yalikuwepo, lakini chombo chenyewe kilikuwa kimepungua uzito, na upungufu wake ulikaribia sana uzito wa masalio. Basi maji hayakuwa yamegeuka kitu. Kioo ndicho kilichoyeyuka kidogo kidogo. Tazama jinsi alivyofikiri: alipokuta kitu kimezidi upande mmoja, hakusema ni muujiza, alikwenda kutafuta ni wapi kimepungua.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mkubwa mmoja wa Ferme Générale. Bibi arusi alikuwa na miaka 13, yeye miaka 28. Ndoa ya namna hiyo sisi leo hatuwezi kuisifu. Lakini habari ya maisha ya Lavoisier bila mke wake ni habari nusu. Marie-Anne alijifunza kemia, akajifunza Kiingereza ambacho mumewe hakukimudu, akamtafsiria maandishi ya Waingereza. Alijifunza kuchora, na michoro ya vyombo iliyomo katika kitabu kikuu cha mumewe ni ya mkono wake. Wakati wa majaribio yeye ndiye aliyeandika namba. Kila jaribio lilihitaji mtu wa kuandika bila kuruka, na katika nyumba ile mtu huyo alikuwa yeye.

Sasa tuje kwenye moto. Wakati huo wataalamu waliamini fundisho la Mjerumani Stahl, kwamba kila kitu kiwezacho kuungua kina ndani yake kitu kiitwacho flojistoni. Kuni zikiungua, walisema, flojistoni hutoka, na majivu ndiyo yaliyobaki. Kwa macho ya mtu akaaye karibu na tanuri la mkaa fundisho hili lina mantiki, maana kinachobaki daima ni kidogo kuliko kilichochomwa. Tatizo lilikuwa metali. Risasi au bati ikichomwa hewani hugeuka unga, na unga huo ni mzito kuliko metali ya mwanzo. Kama kuna kitu kimetoka, uzito umezidi vipi? Wengine walijibu kwamba flojistoni ina uzito wa kinyume, yaani ikitoka kitu huwa kizito. Ni kama karani wa stoo aseme kwamba magunia yamezidi ghalani kwa sababu mengine yametolewa.

Mwaka 1772 Lavoisier alichoma fosforasi na salfa, akaona nazo huongezeka uzito. Tarehe 1 Novemba mwaka huo aliikabidhi Akademia barua iliyofungwa kwa lakiri, ili wazo lake lisije likaibwa: kwamba kitu kinachoungua huchukua kitu kutoka hewani. Mwaka 1774 alitia bati katika chombo cha kioo akakiziba kabisa, akakipima, akakichoma moto, akakipima tena. Uzito ulikuwa ule ule, ingawa bati ilikuwa imegeuka unga. Alipokifungua, hewa iliingia kwa mvumo, na hapo ndipo uzito ulipoongezeka. Kilichoongezeka katika metali kilikuwa kimepungua katika hewa ya ndani.

Lakini ni kitu gani hicho katika hewa? Oktoba 1774 Mwingereza Joseph Priestley alifika Paris, akala chakula na akina Lavoisier, akaeleza kwamba amepata gesi ya ajabu kwa kuchoma unga mwekundu wa zebaki. Mshumaa uling'aa mno ndani yake. Msweden Scheele alikuwa ameipata pia. Haki ya ugunduzi wa gesi hiyo ni yao, na Lavoisier amelaumiwa kwa kutowataja ipasavyo. Hata hivyo, wote wawili waliieleza kwa flojistoni. Aliyetambua kwamba imebeba ufunguo wa swali zima ni Lavoisier, naye ndiye aliyeiita oksijeni.

Jaribio lake la zebaki linastahili kuelezwa kwa namba. Aliipasha moto zebaki ya takriban gramu 122 kwa siku 12 katika chombo kilichounganishwa na hewa ya takriban lita 1 iliyozuiliwa. Juu ya zebaki ulitokea unga mwekundu, na hewa ikapungua kama sehemu moja ya sita. Hewa iliyobaki ilizima mshumaa na kuua panya. Kisha aliuchukua unga mwekundu, gramu 2.4 hivi, akauchoma kwa moto mkali zaidi. Akarudishiwa zebaki gramu 2.2 na gesi yenye ujazo karibu sawa na ule uliopotea mwanzoni. Gesi hiyo alipoichanganya na ile hewa mbovu, alipata tena hewa ya kawaida. Hesabu ilikuwa imefungwa pande zote mbili, mapokezi na matumizi.

Naomba sasa tuirudishe hesabu hiyo nyumbani. Wataalamu wa misitu waliopima matanuri ya udongo wanasema kwamba aghalabu kilo 100 za kuni kavu hutoa kati ya kilo 10 na 20 za mkaa. Zile 80 au 90 nyingine hazikufa. Zimepanda na moshi zikiwa mvuke wa maji, lami, na gesi mbalimbali, ikiwemo hewa ya ukaa. Mkaa wenyewe unapoungua jikoni, kila kilo 12 za kaboni huchukua kilo 32 za oksijeni na kufanya kilo 44 za hewa ya ukaa. Basi gunia lenye kilo 36 za kaboni halisi hutoa kilo 132 za gesi, yaani karibu mara nne ya uzito wa kaboni iliyokuwamo. Mpishi haoni kitu isipokuwa kopo la majivu. Mizani ingemwonyesha kwamba amerusha angani mzigo mzito kuliko gunia alilolinunua.

Au tuchukue maji. Mradi wa maji wa HTM ulibuniwa ili uyatoe maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha hadi Handeni. Fundi wa bomba hana haja ya kusoma Kifaransa ili amwelewe Lavoisier. Kama lita 1,000 zimesukumwa na lita 700 zimefika, basi lita 300 ziko mahali fulani kati ya hapo na hapo: zimevuja, zimechotwa, au mita ni mbovu. Jibu pekee lisilokubalika ni kwamba zimepotea tu.

Mwaka 1775 serikali ilimweka Lavoisier katika bodi mpya ya baruti, akahamia Arsenal ya Paris na kujenga humo maabara iliyosifika kuliko zote za wakati wake. Baruti ya Ufaransa iliboreka sana, na sehemu yake iliuzwa kwa Wamarekani walipopigania uhuru wao. Kazi hiyo haikuwa salama. Mwaka 1788, katika jaribio la baruti mpya huko Essonnes, mlipuko uliua watu 2, na Lavoisier na mkewe waliokuwapo waliponea chupuchupu.

Mwaka 1783, akisaidiana na Laplace, alichoma haidrojeni katika oksijeni na kupata maji. Cavendish wa Uingereza alikuwa amemtangulia kufanya jaribio, lakini ni Lavoisier aliyetamka wazi kwamba maji si elementi. Pamoja na Laplace pia alimweka mnyama mdogo katika chombo kilichozungukwa na barafu, akapima joto lake na hewa ya ukaa aliyoitoa, akaonyesha kwamba kupumua ni kuungua polepole. Ugali tunaokula hutoka mwilini kwa sehemu kubwa kwa njia ya pumzi, na wengi wetu bado hatulijui hilo.

Mwaka 1787, yeye na wenzake Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy walitoa utaratibu mpya wa majina ya kemikali, ili jina la kitu lieleze kimeundwa na nini. Mwaka 1789 kikatoka kitabu chake kikuu, Traité élémentaire de chimie, chenye orodha ya elementi 33. Baadhi zilikuwa makosa, kwa mfano mwanga na joto. Humo ndimo alimoiandika wazi kanuni yetu, na mahali alipoiweka ni pa kustaajabisha: katika sura ya kuchachuka kwa mvinyo. Aliorodhesha sukari, maji na hamira zilizoingia, kisha pombe, gesi na mabaki yaliyotoka, akajumlisha kila upande kama afanyavyo mhasibu. Mzee yeyote aliyewahi kupika pombe ya miwa anajua povu linalopanda. Lavoisier alitaka povu hilo nalo liingizwe kitabuni.

Ni haki kusema kwamba hakuwa wa kwanza kuwa na wazo hilo. Mrusi Lomonosov alichoma metali katika vyombo vilivyozibwa mwaka 1756, na Mskoti Joseph Black alikuwa amepima kwa mizani gesi inayotoka katika mawe ya chokaa. Lakini Lavoisier ndiye aliyeifanya iwe sheria ya kazi. Baada yake, mkemia ambaye hesabu yake haikulingana alilazimika kurudi kutafuta.

Mwaka ule ule wa 1789 Mapinduzi ya Ufaransa yalianza. Mwanzoni Lavoisier aliyapokea vizuri. Alishiriki katika tume ya vipimo iliyozaa mita na kilo, na yeye pamoja na Haüy walipima kwa uangalifu uzito wa maji ili kilo ipate msingi. Kila kilo ya mahindi inayopimwa sokoni Handeni ina jasho lake kidogo. Alihudumu pia katika hazina ya taifa, akaandika taarifa juu ya utajiri wa ardhi ya Ufaransa.

Lakini mambo mawili hayakusahaulika. La kwanza ni ukuta. Miaka ya 1780 Ferme Générale iliuzungushia mji wa Paris ukuta ili bidhaa zisiingie bila ushuru, na wazo hilo lilitokana na Lavoisier. Kwa mtu wa hesabu lilikuwa wazo safi: ziba chombo, kisha utajua kilichoingia na kilichotoka. Kwa mwananchi wa Paris lilimaanisha chakula na kinywaji ghali, na watu walisema mji umefungwa gerezani. La pili ni uadui wa Jean-Paul Marat, ambaye zamani alikuwa ameleta nadharia yake ya moto na Akademia haikuikubali. Marat alikuwa sasa mwandishi wa gazeti kali, na mwaka 1791 alimshambulia Lavoisier hadharani.

Ferme Générale ilivunjwa mwaka 1791. Agosti 1793 Akademia nayo ilifungwa. Tarehe 24 Novemba, 1793 ikatolewa amri ya kuwakamata wote waliokuwa wanahisa wa ile kampuni ya kodi. Lavoisier alijificha siku chache, kisha akajisalimisha pamoja na baba mkwe wake. Gerezani waliamriwa kutayarisha hesabu za kampuni, naye akafanya kazi hiyo kama alivyozoea.

Shitaka mojawapo lilihusu uzito. Walishitakiwa kwamba waliitia tumbaku maji kupita kiasi, ili wananchi wauziwe maji kwa bei ya tumbaku. Mtu aliyeanza kazi yake ya sayansi kwa kupima maji yaliyomo katika jasi alikufa akituhumiwa kuficha maji ndani ya tumbaku. Tarehe 8 Mei, 1794 alihukumiwa pamoja na wenzake 27, na siku ile ile wote 28 walikatwa vichwa kwa gilotini. Baba mkwe wake alitangulia, yeye akafuata. Alikuwa na miaka 50. Miili ilitupwa katika kaburi la pamoja.

Mwaka uliofuata, upepo wa siasa ulipogeuka, mali yake ilirudishwa kwa mjane na jina lake likasafishwa. Marie-Anne hakuwasamehe rafiki za mumewe walionyamaza. Alizikusanya karatasi za mwisho za mumewe na kuzichapisha. Aliolewa tena mwaka 1805 na mwanasayansi Rumford, wakaachana mwaka 1809, naye akaishi hadi 1836.

Nimefikiri sana juu ya kifo hiki kwa sababu mimi pia ni mtumishi wa serikali. Si kweli kwamba Lavoisier aliuawa kwa sababu ya sayansi. Aliuawa kama mwanahisa wa kampuni iliyowakamua watu. Hukumu ilikuwa ya dhuluma, maana kesi ya watu 28 haiamuliwi kwa siku moja, na yeye binafsi alikuwa ameshughulika kupunguza udanganyifu. Lakini vitabu vya Ferme Générale vilikuwa na safu ya mapato ya mfalme na safu ya faida ya wanahisa. Havikuwa na safu ya njaa ya mlipaji. Uchungu ule ulikuwepo, haukuandikwa, na kama gesi yoyote iliyozibiwa, siku moja ulitoka wote kwa pamoja. Mtu makini kuliko wote katika kupima hewa hakuipima hewa ya barabarani.

Kanuni yake imekaa. Mwaka 1905 Einstein alionyesha kwamba tungamo na nishati ni kitu kimoja, kwa hiyo mkaa unapotoa joto tungamo kidogo sana huondoka nalo. Kwa kilo nzima ya kaboni upungufu huo haufiki nusu ya milioni moja ya gramu. Hakuna mizani ya soko wala ya maabara ya shule itakayouona. Jikoni na tanurini, Lavoisier bado ana haki.

Kwa watu wa Handeni na Korogwe, kanuni hii ina kazi. Chukua mkonge: katika kila kilo 100 za majani, nyuzi ni takriban kilo 4 tu. Kwa miaka mingi zile 96 ziliitwa takataka, zikamwagwa na kuchafua mito. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Katani ilijenga Hale, wilayani Korogwe, mtambo wa kuchachusha mabaki hayo ili kupata gesi ya kuzalisha umeme. Hawakuumba kitu kipya. Waliuliza tu swali la Lavoisier, kwamba zile kilo 96 ziko wapi na zina nini ndani yake.

Mkaa nao unangoja kuulizwa hivyo hivyo. Ushuru wetu huhesabu gunia linalopita kizuizini. Gunia la kilo 50 limetokana na kuni za kilo 250 hadi 500, na sehemu kubwa ya uzito huo iliondoka msituni kabla ya lori kufika. Mwenye kuhesabu magunia peke yake anaona sehemu ndogo ya matumizi na kudhani ndiyo yote. Mti haupotei, lakini msitu unaweza kwisha, kwa sababu kaboni iliyoko angani haimjengei mtu nyumba wala haileti kivuli hadi mti mwingine uinywe tena kwa miaka mingi.

Ndugu zangu, wengi wetu tunatia sahihi hati za mapokezi na matumizi kila siku. Nashauri kwamba tunapoambiwa kitu kimepotea, kiwe ni dawa, saruji, maji au msitu, tusiridhike na neno hilo. Kimekwenda mahali. Kazi yetu ni kupatafuta mahali hapo, na kupaandika kitabuni hata kama hakuna safu iliyochapwa kwa ajili yake.